Jinsi ya kutengeneza Ratili, roboti mborongaji wa maabara anayejigeuza kuwa mizani

Kitanga ni ile sehemu ya mkono unayoikunjua mtu akikuambia "pokea". Kitanga pia ni kile kisahani kinachoning'inia kwenye mizani. Nimelitumia neno hilo miaka yote bila kulistukia, hadi siku moja nikiwa na kisu na kadibodi mezani, natafuta roboti wa kuchezea ambaye mikono yake haitanisumbua. Aliyewahi kutengeneza roboti wa kujigeuza anajua kwamba mikono ndiyo inayotesa. Gari au ndege haina pa kuificha, kwa hiyo inabanwa ubavuni, inachomoza, na kila mtu anaiona. Kwenye mizani hakuna cha kuficha. Kitanga cha mkono kinabaki kitanga.

Ndipo akazaliwa Ratili. Jina ni la kipimo cha kale cha uzito, wakia 16, karibu sawa na pauni. Kazi yake ni msaidizi wa maabara wa Daktari Frasila (frasila nayo ni kipimo cha kale, kizito zaidi), mama mwenye uzito wa jina lake na subira isiyolingana na jina hilo. Ratili akiwa mizani hakosei. Akiwa roboti, bika, vile vikombe vya kioo vya maabara, hazimalizi wiki.

Mwongozo huu ni wa kadibodi, boliti na spoki ya baiskeli. Unahitaji siku mbili, ya pili ikiwa ya kusubiri gundi na kurekebisha.

Hatua ya 1: Tafuta kiungo kinachomfanya aboronge

Usikate kitu bado. Mhusika mborongaji ni rahisi kumwandika na vigumu kumtengeneza. Kwenye hadithi unasema "akaangusha bika" na bika imeanguka. Mdoli wa kawaida haangushi kitu. Anasimama alivyosimamishwa, na uborongaji wake unabaki maneno nyuma ya boksi. Mimi nataka mtoto ambaye hajasoma chochote amguse huyu roboti mara moja tu na aseme, "Huyu ana matatizo."

Kwa hiyo jiulize: mwili wake una nini kinachomponza? Kwa Ratili jibu liko mabegani. Mizani ya vitanga viwili ina wenzo mmoja mrefu unaocheza juu ya egemeo katikati. Ukiugeuza wenzo huo kuwa mabega, mikono yote miwili inakuwa kipande kimoja. Akiinua wa kulia, wa kushoto unashuka, atake asitake. Kichwa nacho kimekaa juu ya wenzo huohuo, kwa hiyo kinalala upande. Daktari akimwomba bika iliyo kulia, anainyanyua vizuri kabisa, na mkono wa kushoto unafagia testi tyubu zilizokuwa upande wa pili. Wala hajui, maana kichwa kimemwelekeza macho kwingine.

Hapo sababu ya kuwa mpimaji hodari na sababu ya kuvunja vyombo ni kifaa kimoja. Ukibuni wako mwenyewe, iwe hadubini, stendi ya testi tyubu au toroli ya vifaa, tafuta kifaa cha namna hiyo kabla ya kutafuta jina.

Wazo la roboti kujigeuza kuwa chombo cha mezani lina wenyewe. Mwaka 1983 kampuni ya Takara ya Japani ilianza kutoa Micro Change, roboti wanaogeuka vitu vya kawaida vya nyumbani, kama redio kaseti na hadubini. Mwaka uliofuata Hasbro ya Marekani iliwachukua baadhi yao, pamoja na wa mfululizo mwingine wa Takara uitwao Diaclone, ikawauza kwa jina la Transformers. Hadubini ile ndiyo iliyokuja kuitwa Perceptor, mwanasayansi, mwaka 1985. Ninachowapendea wale wa Micro Change ni kwamba hawakuwa picha ndogo ya kitu kikubwa. Walikuwa kitu chenyewe, kwa kipimo cha mkononi. Ratili anafuata njia hiyo, na anapima kwelikweli.

Hatua ya 2: Kusanya vifaa

Kadibodi ya boksi, unene wa milimita 3 hivi. Gundi nyeupe ya mbao. Spoki moja ya baiskeli, kwa sababu imenyooka, ni laini na unene wake ni kama milimita 2. Mrija mtupu wa wino wa kalamu, uliosafishwa, ambao spoki inapita ndani yake bila kukwama na bila kuyumba sana. Boliti mbili za milimita 3 zenye urefu wa milimita 25, na moja ndefu zaidi kidogo kwa ajili ya kichwa. Nati zake ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani, maana za kawaida zitalegea siku ya tatu. Washa pana, zile pete bapa za chuma za boliti. Klipu mbili za karatasi. Vifuniko viwili vya plastiki vya chupa, vinavyofanana kabisa. Vijiti vya meno, nati moja nzito, na donge la udongo wa kuchezea.

Kisu kiwe kikali. Kisu butu kinaponda kadibodi badala ya kuikata, na kingo zilizopondeka hazibebi boliti.

Hatua ya 3: Kiwiliwili na miguu

Kiwiliwili ni boksi la upana wa sentimita 5, kina 4, kimo 10. Ubavu wa kulia na wa kushoto uwe wa tabaka mbili. Nyuma pawe wazi kwanza, utapafunga mwishoni.

Miguu ina umbo la herufi L: pingili ya upana wa sentimita 2 na urefu wa 9, na chini yake kidole kinachotokeza mbele sentimita 3. Kata vipande sita, gundisha vitatuvitatu upate unene wa kama sentimita 1. Mistari ya ndani ya kadibodi ipishane, tabaka moja wima, linalofuata mlalo, vinginevyo mguu utakunjika palepale penye goti ambalo hukuliweka.

Halafu kuna jambo moja nililojifunza kwa kurudia kazi: usimpe kisigino. Roboti wangu wa kwanza alikuwa na visigino vizuri vya duara, na nilivionea fahari. Ratili anapogeuka mizani anakaa chini, miguu mbele, kama mtoto aliyechoka kutembea. Mguu ukizunguka kwenda mbele, kilichokuwa nyuma kinakuwa chini. Visigino vikawa vigingi viwili chini ya mizani, na mizani ikawa inapepesuka kama meza ya miguu minne isiyolingana. Nilivikata usiku uleule.

Tundu la nyonga litoboke sentimita 1 kutoka ukingo wa chini wa kiwiliwili na sentimita 1 kutoka ukingo wa nyuma. Kwenye mguu, tundu liwe sentimita 1 kutoka juu, katikati ya upana. Vipimo hivi havibahatishwi. Kwa kuwa mguu una upana wa sentimita 2, ukilala mbele ukingo wake wa chini utalingana na tako la kiwiliwili, na vyote vitakaa mezani kwa pamoja. Akisimama, uzito wake unaangukia kati ya mgongo wa mguu na ncha ya kidole, kwa hiyo haangukii nyuma wala mbele.

Funga kwa boliti kutoka nje, washa kila upande, nati ndani. Kaza mpaka mguu ukubali kusogea kwa kusukumwa tu, usiporomoke kwa uzito wake. Bandika nyayo za kadibodi chini ya kila mguu, zitokeze nje ya mwili kama sentimita moja na nusu, zimpe upana wa kusimamia. Zisitokeze nyuma.

Hatua ya 4: Wenzo wa mabega

Hapa chukua muda wako. Mengine yote yakikaa kombo atasimama, lakini wenzo ukikaa kombo huna mizani na huna roboti.

Kata vibanzi viwili vya sentimita 18 kwa 2. Kwenye kimoja, piga mstari wa kalamu katikati ya upana, kutoka mwisho hadi mwisho. Juu ya mstari huo weka alama tatu: moja katikati kabisa, na mbili kila moja nusu sentimita kutoka mwisho. Weka vibanzi viwili pamoja, vitoboe kwa pigo moja ili matundu yafanane.

Matundu matatu lazima yawe kwenye mstari mmoja. Watengenezaji wa mizani za maabara wanahangaika na jambo hilihili: egemeo la katikati na sehemu mbili za kuning'iniza vitanga vinapangwa kwenye usawa mmoja. Matundu ya pembeni yakiwa juu kuliko la katikati, mizani inapinduka ukiongeza mzigo. Yakiwa chini, inakuwa nzito wa kuhisi, na mzigo mdogo hauisogezi. Mara ya kwanza nilitoboa kwa jicho. Tundu la kushoto lilikwenda juu kama unene wa ukucha, na Ratili akawa anapendelea upande mmoja kila nilipoweka kitu, bila kujali kilikuwa na uzito gani.

Sasa vitenganishe vibanzi kwa vipande vya kadibodi vilivyopangwa tabaka tano, katikati na robo ya kila mkono. Unene wote utafika karibu sentimita 2. Miisho ibaki wazi kama uma, maana humo ndimo mikono itaning'inia. Pitisha mrija wa wino kwenye tundu la katikati, uupake gundi nje tu. Tone moja likiingia ndani ya mrija, umeharibu, anza na mrija mwingine.

Spoki ikatwe sentimita 7. Itoboe kwenye kiwiliwili mbele na nyuma, sentimita 8 na nusu kutoka chini, katikati kabisa, ipenye ukuta wa mbele na ifike ukuta wa nyuma. Ikishika kuta mbili haitainama. Ijaribu kwa kipimo cha pembe kama unacho, au simama mbali ukaitazame. Iwe pembe mraba na kifua. Gundisha, funga mgongo, acha usiku mzima.

Asubuhi vaa washa moja kwenye spoki, kisha wenzo, kisha tone la gundi moto kwenye ncha, likae kama ushanga ili wenzo usichomoke na ncha isimchome mtu. Puliza upande mmoja. Wenzo unatakiwa uondoke kwa pumzi tu. Ukisita, tafuta panaposuguana na ukuta wa kifua.

Vigasha ni kazi nyepesi. Kigasha cha binadamu kina mifupa miwili, na cha Ratili nacho vivyo hivyo: vibanzi viwili vyembamba, kimoja kimebandikwa mbele ya kifuniko cha chupa na kingine nyuma, vikutane juu kama mpini wa ndoo. Urefu wote pamoja na kifuniko usizidi sentimita 5. Ukizidi, mizani ikiinama kitanga kitagusa meza. Vining'inize kwenye miisho ya wenzo kwa waya wa klipu, vilegee kabisa.

Hatua ya 5: Kichwa, ambacho ndicho siri yenyewe

Kichwa ni boksi jepesi la upana wa sentimita 3, kina 2 na kimo 4, pamoja na shingo ya sentimita 1. Juu yake simamisha antena ya kijiti cha meno inayotokeza sentimita 2. Gundisha ile nati nzito ndani, karibu na utosi.

Bandika masikio mawili ya kadibodi ngumu kwenye uso wa mbele wa wenzo, katikati, matundu yake yakiwa usawa wa ukingo wa juu. Shingo inaingia kati ya masikio, boliti inapita kutoka sikio hadi sikio. Kichwa sasa kinaweza kusimama juu ya mabega, au kuinama mbele hadi kining'inie kifuani, antena ikielekea chini. Kaza boliti ili kichwa kikae kilipowekwa. Hakikisha kikiinama hakigusi tone la gundi lililo kwenye ncha ya spoki. Kikigusa, chimba nafasi kidogo nyuma ya shingo.

Utashawishika kutumia sumaku ili kichwa kinate. Usitumie. Mtoto akimeza sumaku mbili zinavutana tumboni na kubana utumbo kati yake, na hiyo ni safari ya upasuaji. Boliti inatosha.

Sasa fanya jaribio. Inamisha kichwa, sukuma mkono mmoja kidogo. Wenzo unacheza kulia, kushoto, kulia, kisha unatulia mlalo. Simamisha kichwa, sukuma vilevile. Unaondoka na haurudi. Ratili ameangukia upande mmoja, bega juu, bega chini, na ukimgusa anaangukia upande wa pili.

Hakuna ujanja uliofichwa. Shika fimbo kwa ncha ya juu iache ining'inie: ukiisukuma inarudi yenyewe, kwa sababu uzito wake uko chini ya mahali ulipoishika. Isimamishe juu ya kidole: ikipepesuka kidogo, imekwenda. Kichwa chenye nati kikiwa chini ya egemeo kinauvuta wenzo urudi mlalo kila unapoinama. Kikiwa juu, kinausukuma uzidi kuinama. Kwa hiyo Ratili haborongi kwa sababu mimi nimesema. Anaboronga kwa sababu amenyanyua kichwa.

Mpwa wangu wa miaka saba alikiona hicho kabla yangu. Alimtazama roboti akianguka upande, akamtazama mizani akitulia, akaniuliza, "Mjomba, kwa nini akiangalia chini ana akili?" Nililiweka swali hilo kwenye kadi yake, utaliona mbele.

Hatua ya 6: Vikomo na piga

Bila kikomo wenzo utazunguka kama feni. Toboa kifua mahali pawili, kila tundu sentimita 2 kutoka katikati na sentimita 1.6 chini ya usawa wa spoki. Ingiza vijiti vya meno vilivyokatwa ncha, vitokeze mbele lakini visipite uso wa mbele wa wenzo, kichwa kikiinama visije vikakizuia. Wenzo utainama kama digrii 15 kila upande na kugota. Mlio ule mdogo wa kugota, tok, ndio sauti ya Ratili. Usiuzuie kwa sponji.

Tumboni, chini ya vijiti, chora piga (uso wa kusomea kipimo) la tao dogo lenye alama ya sufuri katikati na vistari vinne kila upande. Ncha ya antena itapita mbele yake. Juu ya piga bandika koti jeupe la maabara la karatasi, mbavu mbili zinazofunguka kama milango. Akiwa roboti koti limefungwa, akiwa mizani limefunguka.

Hatua ya 7: Msawazishe, kisha umpe kazi

Mketishe, inamisha kichwa, fungua koti. Antena haitasoma sufuri, na hilo ni la kawaida, kwani gundi haigawanyiki sawa. Bandika chembe ya udongo chini ya mkono uliopanda mpaka antena ifike katikati. Fanya hivi kichwa kikiwa chini tu. Ukijaribu kumsawazisha akiwa amesimama utatumia udongo wote na hutafika.

Mawe ya kupimia yapo mezani kwako tayari. Karatasi ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ni sehemu ya 16 ya mita ya mraba, kwa hiyo ina gramu 5. Ikate vipande vitano sawa, kila kimoja ni gramu 1. Ukitaka nusu, kata tena. Kunja kila kipande kidogo kabisa na kiandike. Kwa mizigo mikubwa tumia maji: mililita 1 ni gramu 1, na kifuniko cha chupa kinabeba mililita kadhaa.

Ratili wangu anatambua gramu 1 bila kusita. Nusu gramu humfanya afikirie. Robo anaipuuza. Kwa kadibodi na mrija wa wino sidai zaidi. Soma ukiwa uso kwa uso naye, jicho usawa wa antena, kwa sababu ncha iko mbali kidogo na piga na ukitazama kwa pembeni utasoma uongo.

Hatua ya 8: Rangi

Nyepesi, na kidogo. Rangi ina uzito, na mkono uliopakwa mara mbili utakurudisha kwenye hatua ya saba. Doa moja la kemikali kwenye koti linatosha kueleza historia yake.

Hatua ya 9: Kadi ya mhusika

Boksi za Transformers za zamani zilikuwa na kadi ya kukata nyuma: wasifu mfupi, msemo wa mhusika, na alama kuanzia 1 hadi 10. Aliyeandika wasifu na majina mengi ya mwanzo ni Bob Budiansky, mhariri wa Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni, na ninachojifunza kwake ni kwamba kila mmoja alipewa udhaifu pamoja na nguvu. Wheeljack, mmoja wao, ni mvumbuzi hodari ambaye uvumbuzi wake unamlipukia. Udhaifu ukiondolewa hapo, kinachobaki ni orodha ya vifaa.

Alama za Ratili nimezipanga hivi: Nguvu 3, Akili 8, Kasi 5, Ustahimilivu 9, Cheo 2, Ujasiri 7, Silaha 1, Ustadi 2. Nilibishana na nafsi yangu kuhusu Akili. Watu huwapa waborongaji akili ndogo, na hapo mhusika anageuka kichekesho cha kumcheka badala ya kucheka naye. Ratili anajua kila kitu kilichomo kwenye ile bika aliyoivunja, na uzito wake. Ustahimilivu ni 9 kwa sababu kesho asubuhi anarudi kazini.

Msemo wake: "Nikiangalia chini, nina akili."

Kadi zile zilifichwa kwa rangi. Alama zilichorwa chini ya vurugu ya wino mwekundu, nawe ukazisoma kwa kipande cha plastiki nyekundu. Ni rahisi kuigiza. Andika alama kwa penseli ya rangi ya samawati hafifu, kisha chora vipindopindo vyekundu na vya machungwa juu yake mpaka zipotee. Tazama kupitia nailoni nyekundu ya kufungia peremende: nyekundu yote inafifia na samawati inajitokeza nyeusi.

Hatua ya 10: Mpe tukio moja

Usimwandikie hadithi ndefu. Mpe tukio moja ambalo mtoto anaweza kulicheza kwa mikono. La kwangu ni hili. Panga vifuniko vya kalamu kushoto kwa Ratili viwe testi tyubu, na kikombe kidogo kulia kiwe bika.

"Ratili, mwanangu, hebu nipe bika."

"Ipi, Daktari? Iliyoko kulia, au ile iliyokuwa kushoto?"

"Iliyokuwa?"

Tok.

Daktari Frasila hapigi kelele. Anavuta kiti, anasema, "Kaa chini, unipimie hivi vipande tujue tumepoteza gramu ngapi." Naye anakaa, anainamisha kichwa, anafungua koti, na vipande vinapimwa bila kosa. Mpangilio wa kujigeuza umo humo ndani ya tukio: miguu mbele, kichwa chini, koti wazi. Kurudi ni kinyume chake. Ukianza na kichwa kabla ya miguu wenzo utapigapiga wakati unamketisha, lakini hakuna kitakachovunjika.

Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, mweke juu ya kabati. Kipimo kinachotumika kukagua vitu vya kuchezea vya umri huo ni kijisilinda cha kipenyo cha milimita 31.7: kinachoingia humo chote kinaweza kumkaba mtoto. Vifuniko vyingi vya chupa za maji vinaingia, na nati zote zinaingia.

Akigoma

Akisimama anaangukia upande uleule kila mara: udongo wa kusawazisha ni mwingi, au kikomo kimoja kiko chini kuliko kingine. Pima vikomo kwanza.

Akiwa mizani anachelewa kutulia, anacheza dakika nzima: nati ya kichwani ni nyepesi. Akitulia haraka mno na hahisi gramu 1, ni nzito, au mrija una uchafu. Puliza mrija kabla ya kubadilisha nati.

Kichwa kinaanguka chenyewe akiwa amesimama: kaza boliti robo mzunguko. Mpwa wangu anakataa isikazwe. Anasema Ratili amesinzia kazini.